Alabama Shakes: bendi ya mtaani yenye sauti ya zilipendwa

(Mhadhara kwa vijana wa bendi, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Haya tuanze jamani, wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Shikamooni wakubwa, naona hata mzee wetu wa tumba kaja, shikamoo mzee wangu. Wengine mambo zenu. Sasa mimi nilipopigiwa simu niliambiwa niongelee namna ya kutoka kimuziki, nikasema hiyo mada siiwezi, wanaoiweza huwa hawapokei simu (kicheko), nipeni bendi moja tu niichambue kuanzia walipokutana mpaka dunia ilipowajua, wakakubali, ndo maana nipo hapa.

Bendi yenyewe inaitwa Alabama Shakes. Nani anaijua? Wawili, watatu... mzee wangu unanyoosha mkono au unajikuna? (kicheko) Haya. Ni bendi ya rock ya Marekani, imetoka mji unaitwa Athens, sio ile Athens ya Ugiriki, hii ni Athens ya jimbo la Alabama, kaskazini kule karibu na mpaka wa Tennessee, mji wa watu kama elfu 22 hivi wakati bendi inaanza, yaani kuna kata hapa Dar zina watu wengi kuliko huo mji wote. Na nimeichagua kwa sababu hawa walipotokea mwaka 2011 kila mtu alisema neno lilelile, kwamba hii ni sauti ya zamani, hii ni zilipendwa ya miaka ya sitini imefufuka, na mimi nataka niwaonyeshe kwamba ile sauti ya zamani haikuwa mapambo, ilikuwa namna yao ya kufanya kazi. Sauti ya zamani inapatikana kwa jinsi mnavyopiga, sio kwa kununua gita la zamani na kufuga nywele.

Tuanze na watu. Mwimbaji na mpiga gita ni Brittany Howard, kazaliwa 1988, baba mweusi mama mzungu, kakulia kwenye eneo la magari mabovu, yale ya skrepa, ndo ilikuwa biashara ya baba yake. Alikuwa na dada yake mkubwa anaitwa Jaime, huyo ndo aliyemfundisha kinanda na kutunga mashairi, halafu Jaime akafariki 1998 kwa kansa ya macho, Brittany bado mtoto mdogo. Hilo kaeni nalo maana baadaye kabisa, 2019, alipotoa albamu yake ya peke yake aliiita kwa jina la huyo dada.

Sasa sekondari pale Athens akakutana na kijana anaitwa Zac Cockrell kwenye darasa la saikolojia. Na kilichomvutia ni fulana. Jamaa alikuwa kavaa fulana ya At the Drive-In, hiyo ni bendi ya Texas ya makelele kwelikweli, watu wanaruka na kupiga mayowe, hakuna soul hapo, ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, hakuna zilipendwa hata chembe. Brittany akasema huyu huyu. Mnaona? Hawa hawakukutana kwa sababu wote wanapenda Otis Redding, yule mwimbaji wa soul wa miaka ya sitini, walikutana kwa sababu mjini kwao mtu anayejua bendi ya ajabu ajabu ni mmoja kwa elfu, ukimpata unamng'ang'ania. Zac akashika besi. Wakawa wanakutana baada ya shule wanatunga vitu vyao. Halafu mpiga dramu, Steve Johnson, yeye alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vyombo vya muziki pale mjini, ukimtaka mpiga dramu kwenye mji mdogo unaenda wapi, si unaenda pale wanapouza vijiti vya dramu. Wa mwisho Heath Fogg, gita, huyo alikuwa na bendi yake nyingine, akasikia demo, yaani rekodi ya majaribio, ya hawa watatu, akawaita wawasindikize kwenye shoo Decatur mji wa jirani mwaka 2009, haikuchukua muda kahamia kwao.

Na wote wana kazi. Hapa nataka wale mnaosema "nikipata muda nitafanya mazoezi" mnisikilize. Brittany alikuwa posta, anagawa barua kwa gari, barabara za vijijini huko. Zac yuko kwenye hospitali ya wanyama. Heath anapaka rangi nyumba. Steve yuko kwenye kinu cha umeme wa nyuklia, kipo kimoja karibu na Athens. Kwa hiyo bendi ilikuwa ni kitu cha jioni na wikendi, na shoo zenyewe ni za baa.

Sasa baa ni baa, iwe Alabama iwe Tandika. Mtu kaja kunywa, hajaja kusikiliza ubeti uliotunga jana ukiwa na mawazo yako. Anataka wimbo anaoujua. Kwa hiyo wakakopi. Walikopi Led Zeppelin, ile bendi ya rock ya Uingereza, wakakopi James Brown, wakakopi Otis Redding, wakakopi AC/DC, rock ya Australia, na katikati ya hizo kopi wanachomeka ya kwao moja, wanaangalia watu, kama watu hawakutoka nje kuvuta sigara basi wimbo huo umepona, wanauweka tena wiki ijayo. Mimi nasikia sana vijana wanadharau bendi za kopi, bendi ya hotelini, bendi ya harusi. Jamani. Wananjenje hawa mnaowaheshimu walianzia Tanga wakiwa vijana wanajiita The Love Bugs, wakawa The Revolutions, ndo baadaye Kilimanjaro Band, na jina Love Bugs lenyewe linakuambia masikio yao yalikuwa wapi. Kopi ni shule ya bure tena unalipwa. Ukikopi James Brown vizuri unajifunza kunyamaza, maana muziki wa James Brown kila mtu ana kijisehemu chake kidogo na akitoka nje ya hapo anaharibu. Ukikopi AC/DC unajifunza kwamba dramu inaweza kupiga kitu kilekile wimbo mzima na bado watu wakaruka. Ukikopi Otis unajifunza kuanza chini. Sasa chukua hizo tatu uziweke ndani ya watu wanne, wapige pamoja kwa miaka miwili bila mtu yeyote wa maana kuwaona, halafu wapeleke studio, itatoka nini? Itatoka kitu ambacho mtu wa gazeti atakiita sauti ya zamani.

Na kuna jambo la mahali, hili siwezi kuliruka. Kutoka Athens ukielekea magharibi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, unafika Muscle Shoals. Wazee mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua. Pale kuna studio ya FAME ya Rick Hall, na Aretha Franklin, yule malkia wa soul, alienda kurekodi pale Januari 1967, ndo ilipoanzia ile Aretha tunayoijua, kabla ya hapo kampuni nyingine ilikuwa inamuimbisha vitu vya hotelini. Na bendi iliyokuwa inampigia pale studio ni vijana wa kizungu wa hapohapo vijijini Alabama, miaka ileile ya ubaguzi wa rangi, watu weusi na weupe hawali meza moja mjini lakini ndani ya studio wako chumba kimoja wanasaka wimbo. Hao vijana 1969 wakafungua studio yao wenyewe pale Sheffield mji wa jirani, na mwishoni mwa mwaka huohuo Rolling Stones wakatoka huko waliko wakaja kurekodi pale. Mpiga besi wa hao vijana anaitwa David Hood. Shikeni jina hilo.

Turudi kwa watoto wa Athens. 2011 wana nyimbo zao, wanaamua kurekodi. Hawana lebo, hawana meneja, pesa wanatoa mfukoni. Wanaenda Nashville, ni kama kilomita 150 kaskazini, kuna studio inaitwa The Bomb Shelter, fundi mitambo wake Andrija Tokic, na huyo bwana anarekodi kwenye tepu. Tepu ya kweli, ile ya magurudumu mawili.

Hapa nisimame kidogo maana ndo nilikokuwa nakuja, na naona fundi mitambo wa hapa ukumbini kashasogeza kiti (kicheko).

Watu wanadhani tepu ni suala la utamu wa sauti tu. Ni kweli ina utamu, ukiisukuma sauti kwa nguvu inabana kidogo, yale makali ya juu ya dramu yanalainika, besi inanenepa, hicho wengi mnakijua na sasa hivi kuna programu za kompyuta zinaigiza hivyohivyo. Lakini tepu ina kitu kingine ambacho programu haiwezi kukupa nacho ni woga. Nawapigia hesabu. Gurudumu moja la tepu ya studio ni futi 2,500. Mashine ikizunguka kwa inchi 15 kwa sekunde, gurudumu zima ni dakika 33 basi, ukitaka sauti safi zaidi uzungushe kwa inchi 30 unabaki na dakika 16 na nusu. Na gurudumu moja ni bei. Sasa nyie mnarekodi kwenye laptop, gita mara arobaini, mnahifadhi zote arobaini, mnamwachia prodyuza achague, prodyuza naye anakata kipande cha ya tatu anabandika kwenye ya kumi na saba. Kwenye tepu huna hiyo starehe. Mnapiga, mkikosea mnarudisha mnapiga juu yake, ile ya kwanza imekufa. Kwa hiyo mnaingia chumbani mmeiva. Na mnapiga pamoja, kwa sababu mkipiga mmojammoja nafasi na muda vinaisha.

Mkipiga pamoja kinatokea kitu kingine, sauti zinaingiliana. Maiki ya dramu inanasa gita, maiki ya gita inanasa dramu kwa mbali, mwimbaji kama yupo mlemle chumbani kila maiki inamsikia. Fundi wa kisasa hapo anashika kichwa. Lakini hicho ndicho kinachofanya usikie chumba. Ukisikiliza albamu yao ya kwanza kwa hedifoni unajua kabisa hawa watu wako sehemu moja na kuna ukuta, kuna dari, na dramu iko pale. Halafu kasi. Hawa kwenye kiitikio wanakimbia kidogo, kwenye ubeti wanarudi, kwa sababu hakuna klik sikioni, ule mlio wa mashine wa kushika kasi, kuna mpiga dramu anamwangalia mwimbaji. Sikilizeni nyimbo zetu zilizorekodiwa RTD, Msondo walipokuwa NUTA Jazz, Mlimani Park miaka ile, bendi nzima ndani ya chumba, maiki za kuhesabu, fundi mitambo anamsogeza mpiga tarumbeta arudi nyuma hatua mbili badala ya kushusha sauti kwenye mixa, wimbo ukianza taratibu unaisha umechangamka. Hakuna aliyekuwa anatafuta sauti ya zamani pale, walikuwa wanafanya kazi na kilichopo. Alabama Shakes wao walikuwa na uchaguzi, 2011 kompyuta zipo kila kona, wakachagua kufanya kazi vile.

Nataka muangalie wimbo mmoja kwa karibu, ule wa Hold On, ndo wa kwanza kwenye albamu. Unaanza na gita linapiga kijisehemu kifupi, noti chache tu, mtoto wa mwezi mmoja wa gita anaupata, dramu inaingia kiki na sneya, hakuna mbwembwe, besi inatembea chini. Brittany anaingia kwa sauti ya mtu anayekusimulia kitu kibarazani, anasema hakudhani atafika umri wa miaka 22, hajapiga ukelele bado. Subirini. Anajizuia, anajizuia, na bendi nayo inajizuia, halafu kuna mahali anajiita jina lake mwenyewe, kwamba kuna mtu huko juu anamwambia Brittany njoo, na hapo koo linafunguka. Mzee wangu wa tumba anacheka maana anajua, sisi kwenye dansi kuitana majina ni kawaida, sebene bila kuita majina watu wanaona kama hamjafika. Lakini huyu anajiita yeye. Na angalieni, hadi hapo gita bado linapiga zile noti chache za mwanzo. Hakuna aliyeongeza kitu. Kijana wangu mmoja wa solo hapa angekuwa ameshaingiza noti mia nane (kicheko), simtaji jina, yupo.

Sasa walijulikanaje. Julai 2011 jamaa mmoja anayeandika habari za muziki, Justin Gage wa blogu ya Aquarium Drunkard, alimwandikia Brittany akiomba nyimbo, akatumiwa, akauweka mmoja, You Ain't Alone, ule wa taratibu wa mapigo ya kuhesabu sita, kama zile za kuombana msamaha za miaka ya sitini. Ndani ya muda mfupi sana bendi ikaanza kutafutwa na lebo na mameneja wa kila aina. Watu wa posta na wa kupaka rangi nyumba. Na mmoja wa waliowasikia mapema akawapigia debe ni Patterson Hood wa bendi ya Drive-By Truckers, naye ni nani? Mtoto wa David Hood, yule mpiga besi wa Muscle Shoals niliyewaambia mshike jina lake. Mameneja wa Drive-By Truckers wakawachukua. Kwa hiyo msije mkatoka hapa mnasema ni intaneti tu iliwatoa. Intaneti ilifungua mlango, lakini waliokuwa wamekaa sebuleni ni watu wa hukohuko kwao, waliokuwa wanajua sauti hiyo imetoka wapi na wanaweza kutofautisha mwenye nayo na anayeigiza. Hata Ben Tanner aliyekuja kuwapigia kinanda alikuwa fundi mitambo pale FAME.

Jina nalo, walikuwa wanajiita The Shakes tu, ikaonekana kuna wenye jina hilo tayari, wakaongeza Alabama. Basi.

Septemba wakatoa nyimbo nne, Oktoba wakaenda New York kwenye CMJ, lile tamasha la bendi chipukizi, lebo ya ATO ikawachukua, na Aprili 2012 albamu ikatoka, Boys & Girls, ileile waliyorekodi wenyewe kule kwenye tepu. Uingereza ikafika namba 3, Marekani ikafika namba 6, ikauza zaidi ya nakala laki tano kwao. Jack White, mwanamuziki mkubwa wa rock wa Marekani, akawachukua wamsindikize. 2013 wameteuliwa Grammy ya wasanii wapya, na Aprili mwaka huo wako Ikulu ya Marekani kwenye usiku wa muziki wa soul wa Memphis, Obama kakaa mbele pale. Miaka minne tangu wapige baa ya Decatur.

Sasa ngojeni, kuna upande mwingine na huu ndo unaonisumbua mimi. Ukishapewa jina la zilipendwa ni shida kutoka. Kila mwandishi anamuuliza Brittany habari za Aretha, habari za Janis Joplin, habari za Otis, yeye anawaambia mimi nampenda Bon Scott, yule marehemu mwimbaji wa AC/DC, na hawasikii, kwa sababu mtu akishaamua wewe ni picha ya zamani anakutaka ubaki kwenye fremu. Na kuna pesa kwenye fremu jamani, tusidanganyane. Wangeweza kurudi kwa Tokic, washushe albamu ya pili kama ya kwanza, wazunguke na matamasha miaka kumi.

Kuna bendi ya Michigan, Greta Van Fleet, ndugu watatu na rafiki yao mmoja kutoka mji mdogo kuliko hata Athens, hao walitoka 2017 na sauti ya Led Zeppelin kiasi kwamba Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin mwenyewe, alisema hawa ni Led Zeppelin I, yaani ile albamu yao ya kwanza, na Grammy ya albamu ya rock wakapata 2019, lakini albamu yao ya 2018 jarida la Pitchfork liliipa 1.6 kwa 10. Moja nukta sita! Mimi binafsi naona walionewa, wale watoto wanapiga, ila naelewa hasira ilitoka wapi. Ukisikiliza Greta siku zile ulikuwa unajua wimbo unaelekea wapi kabla haujafika. Ukisikiliza Shakes ulikuwa unajua chumba tu, wimbo ulikuwa hujui.

Sawa, albamu ya pili. Sound & Color, 2015. Wakafanya na prodyuza Blake Mills, na ukiiweka tu unashtuka, kwanza unasikia vibrafoni, kile chombo cha vyuma cha kugonga kinacholia kama kengele laini, halafu nyuzi, halafu sauti ya Brittany iko juu kabisa nyembamba, sio ile ya kukwaruza. Wimbo unaofuata ni fanki ya kubana, anaanza kwa mlio mwembamba kama anabanwa mlango. Kuna mahali ni kama anga za juu huko. Rock ipo, soul ipo, lakini hakuna mtu angeweza kusema hii ni 1967. Wapo waliolalamika, wenzangu na mimi, mimi mwenyewe mwanzoni niliona ngumu kuimeza. Ikaingia namba 1 Marekani. Februari 2016 wakaondoka na Grammy tatu, na ya nne ikaenda kwa mafundi mitambo walioitengeneza. Fundi wetu hapo piga makofi, wenzako wanapewa tuzo (makofi).

Lakini sikilizeni kwa makini, dramu bado inajizuia. Besi ya Zac bado ni noti chache. Bado wanaanza chini. Kila kilichotoka kwenye zile kopi za baa kipo, kimevuliwa nguo za miaka ya sitini tu. Ndo maana nilisema ni namna ya kufanya kazi. Angekuwa anaigiza, ukimvua hizo nguo hakuna mtu ndani.

Nimeongea sana, tuchukue maswali. Kaka hapo.

(Swali: bendi bado ipo?)

Walisimama 2018, Brittany akaenda na mambo yake, ile albamu ya dada yake na nyingine 2024. Desemba 2024 wakatokea pamoja Tuscaloosa hukohuko Alabama, na 2025 wakazunguka na shoo na kutoa wimbo mpya. Ni watatu sasa, Brittany, Heath na Zac, mpiga dramu wa zamani hayupo nao.

Dada pale mwenye kitenge.

(Swali: sisi tunaimba Kiswahili na tunapiga rock, watu wanasema rock sio ya kwetu, tufanyeje?)

Waambie Aretha Franklin alipigiwa na wazungu wa kijijini na haikuwa ya kwao pia. Ila dada nikwambie ukweli, hilo swali watu wanauliza mkiwa hamjaiva, mkipiga vizuri hawaulizi, wanacheza. Nairobi kuna bendi za rock miaka mingi, wamejenga watu wao wenyewe taratibu kwenye vi-baa, hawakusubiri redio. Imba Kiswahili chako. Tena Kiswahili kina vokali mwisho wa karibu kila neno, ukitaka kuvuta koo una pa kuvutia, Mwingereza maneno yake yanafungwa na konsonanti anapata tabu huyo.

Wa mwisho, wewe kijana wa kofia nyekundu.

(Swali: mashine ya tepu tutaipata wapi hapa Dar?)

Achana nayo. Ikiharibika hakuna wa kutengeneza na utepe wenyewe mpaka uagize nje. Fanya hivi, chukua rekoda ndogo au hiyo laptop yako, weka maiki tatu tu. Moja mita moja mbele ya dramu, usawa wa kifua. Maiki hizi za jukwaani zinasikia mbele, nyuma ni viziwi, kwa hiyo amplifaya ya besi iweke nyuma ya hiyo maiki, igeukie ukutani ikibidi. Ya pili kwenye gita, hayo magita mawili yasogeze karibukaribu, mwenye kelele arudi nyuma, asiguse kitufe, arudi yeye. Ya tatu ya mwimbaji, na mwimbaji asimame mahali anapomuona mpiga dramu usoni. Zulia chini, mapazia kama yapo. Feni zimeni, najua joto, zimeni. Kubalianeni mnapiga mara tatu tu, baada ya ya tatu mnafunga laptop mnaenda kula, hakuna ya nne, na mnachagua moja kati ya hizo tatu nzima nzima bila kukata. Wiki ya kwanza itakuwa mbaya, mtagombana, mpiga solo atanuna. Msimfukuze. Rudini wiki inayofuata na wimbo uleule.

Haya fundi, tuwekee ule wa kwanza, ongeza besi kidogo.